Maonyesho madogo ya sarafu: meza ngapi, ulinzi vipi?

Wakuu, tunaandaa maonyesho ya siku moja ya wauzaji na wakusanyaji wa sarafu. Ukumbi ni mita 10 kwa 15. Tupange vipi?

Jibu: Meza 16 za mita 1.8 zitakaa vizuri kandokando ya kuta, muuzaji akiwa upande wa ukutani. Njia ya wateja isipungue mita 2. Ada ya meza ilipwe mapema, maana anayeahidi tu mara nyingi haji.

Jibu: Msisahau mwanga! Taa za dari hazionyeshi mikwaruzo wala dalili za sarafu iliyosuguliwa. Kila meza ipate taa yake, na nyaya zibandikwe sakafuni kwa tepu.

Jibu: Ulinzi ndio kila kitu. Umma uingie kwa mlango mmoja. Saa za hatari hasa ni za kupanga na kufungasha, masanduku yakiwa wazi, kisha maegeshoni. Mezani, sarafu zikae kwenye kabati la kioo lenye kufuli. Mteja apewe moja moja, juu ya kitambaa laini, aishike ukingoni. Trei mbili zikiwa nje pamoja, ni rahisi sarafu kubadilishwa bila muuzaji kujua.