Herbert Matter, yule mbunifu wa michoro na mpiga picha Mswisi, alizitengenezaje zile posta (mabango) bila kompyuta?

Wakuu, hizi posta za utalii wa Uswisi za miaka ya 1930, hasa ile ya Pontresina (kijiji cha kuteleza theluji huko Uswisi), sura ya jamaa wa miwani imejaa posta nzima halafu mteleza theluji kadogo kule pembeni. Alifanyaje?

— Mkasi, gundi na chumba cha giza cha kusafishia picha tu. Picha anazikuza kwa saizi tofauti, anakata, anabandika, anatia rangi.

— Ongezea, jamaa alisoma Paris kwa mchoraji Fernand Léger, kwa hiyo kolaji (kubandika vipande vya picha pamoja) ilikuwa damuni. Kabla yake posta nyingi za utalii zilichorwa kwa mkono bana, yeye akaifanya picha ndo ibebe ujumbe. Mwaka 1936 akatua Marekani, baadaye akafanya matangazo ya fanicha za kampuni ya Knoll, mi nayakubali kuliko hata posta.

— Asante, naanza kukata magazeti leo leo 😂