Kwaresima hii nimeomba ishara na naona nimejibiwa. Niache kazi?

Njiapanda:
Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Wa imani nyingine, salamu zenu pia.
Ni mwalimu wa shule binafsi hapa Arusha, nina mke na watoto wawili. Tangu Jumatano ya Majivu nafunga na kumwomba Mungu anioneshe njia: niendelee na chaki, au nirudi nyumbani Singida nikafunge mashine ya kukamua alizeti? Usingizi umenikimbia. Jumapili, kwaya ilipoanza Aleluya, moyo ukatulia kabisa. Mchana huohuo jamaa akanipigia kwamba kuna mashine inauzwa. Hiyo ni sauti ya Mungu au tamaa yangu? Naomba ushauri wa kiimani.

Mama Chapati:
Mungu hamtupi mja wake, baba. Mimi nilisimamishwa kazi wiki ya Pasaka, nikaanza na kilo mbili za ngano na jiko la mkaa la kuazima. Leo nasomesha watoto. Anza na chapati huku unasubiri mashine.

Singida Dume:
Alizeti sasa hivi iko shambani, watu wanavuna kuanzia Mei. Ukinunua mashine leo utakamua nini? Na huko unakokwenda umeme wa fezi tatu upo?

Kikoi:
Mkuu, umefunga kula au umeacha bia tu?

Katekista wa Kigango:
Tusitanie. Kwa Wakatoliki kufunga kunakolazimu ni siku mbili, Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Mengine ni hiari yako. Ila Kwaresima ina sala, kufunga na kuwahurumia wengine. Mwalimu, umetaja mawili. La tatu liko wapi?

Hesabu Kwanza:
Hela ya mashine unayo? Na kazi bado unayo?

Njiapanda:
Niliomba ushauri wa kiimani. Hela ipo.

Hesabu Kwanza:
Imetoka wapi?

Njiapanda:
Mkopo wa SACCOS ya kazini, milioni nane, nimechukua Januari. Barua ya kuacha kazi nimeshampa mkuu wa shule, notisi ya siku 28. Mke nitamwambia mambo yakikaa sawa. Yesu alisema tusisumbukie ya kesho, na Petro aliacha nyavu palepale bila kuuliza mshahara.

Hesabu Kwanza:
Petro hakuwa na wadhamini. Mkopo unakatwa kwenye mshahara. Mshahara ukikoma wanafuatwa waliokusainia. Ni akina nani?

Njiapanda:
Walimu wenzangu wawili. Mmoja anakaribia kustaafu. Nitawalipa, mafuta hayakosi mteja.

Pilipili Manga:
Subirini kwanza. Aleluya Kwaresima? Parokia gani hiyo? Kuanzia Majivu hadi Mkesha wa Pasaka haiimbwi kabisa. Hii ni chai, jamani, tena haina hata tangawizi.

Kikoi:
Nami nilishtuka! Na simu ya mashine ikaja siku hiyohiyo kama tamthilia. Mods, fungeni uzi.

Mama Chapati:
Na mimi nilishaanza kumwombea.

Njiapanda:
Sidanganyi. Jumapili ile nilisali na kaka yangu, yeye ni mlokole. Kwao Aleluya wanaimba mwaka mzima. Na aliyepiga simu ni yeye, mashine ni ya rafiki yake.

Pilipili Manga:
Kumbe "jamaa" ni kaka! Alijua unaomba ishara?

Njiapanda:
Alijua. Hana nia mbaya.

Katekista wa Kigango:
Sijasema ana nia mbaya, mwanangu. Ila ishara inayotoka kwa mtu anayejua unaisubiri, ipime mara mbili. Rudi Injili ya Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Shetani anampandisha Yesu kwenye kinara cha hekalu amwambie ajitupe, na anamnukulia Zaburi ya 91: "Atakuagizia malaika zake." Soma Mathayo 4, kisha soma zaburi yenyewe, uone alichokiruka: "wakulinde katika njia zako zote." Aliahidiwa ulinzi njiani, si kwenye kujirusha. Yesu akajibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Alimwamini Baba kuliko sisi sote, na hakuruka. Wewe unataka kuruka na wenzako wawili umewafunga kiunoni, nao hawajui.

Hesabu Kwanza:
Kesho asubuhi kamwone mkuu wa shule, umwombe uiondoe barua kabla hajampata mwingine. Akikataa, nenda SACCOS mkapange upya marejesho.

Njiapanda:
Wadhamini na mke nitawaambia leo, hilo nimekubali. Barua bado naiombea. Moyo wangu uko Singida na siamini amani ile ilitoka bure. Singida Dume, mashine ya mtumba huko inapatikana kwa bei gani mavuno yakianza?

Singida Dume:
Ongea kwanza na yule anayekaribia kustaafu. Ukimaliza njoo PM.