Mrejesho: nguo za mahojiano ya chuo

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Niliuliza kama nivae suti ya kaka, ambayo inanipwaya mabegani, au shati na suruali tu. Wengi mlisema suti niiache, nikawasikiliza. Soko la Kibuye hapa Kisumu, siku ya Jumapili mitumba hujaa. Nikapata shati jeupe lenye kola ngumu, na fundi akapunguza suruali papo hapo. Viatu ni vile vya shule, vikapigwa rangi. Aliyenishauri nibebe kitambaa cha kufutia vumbi la boda, Mungu akubariki! Jamaa mmoja alikuja na koti zito, na joto hili la Kisumu, akawa anajipangusa jasho foleni nzima. Jopo lenyewe halikugusa mavazi, waling'ang'ania kwa nini nataka uuguzi. Majibu bado, wamesema watapiga simu.