Nimekubaliwa kambi ya maigizo likizo hii na sijawahi kupanda jukwaani, naombeni ushauri

karatasi_nyeupe:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo.

Nina miaka 16. Niliomba kujiunga na kambi ya maigizo ya vijana ya likizo ya kiangazi kwa kumfuata rafiki yangu tu. Sasa mimi nimekubaliwa na yeye kaghairi hata kutuma fomu. Ni wiki tatu, kutwa nzima, na mwisho tunaonyesha igizo kamili mbele ya watu. Uzoefu wangu wote ni kusoma mashairi darasani, tena macho yakiwa kwenye karatasi.

Barua inasema siku ya kwanza kuna usaili wa kugawa nafasi. Kila mmoja aje na kipande cha mtu mmoja cha dakika moja alichokikariri, halafu atapewa kurasa asizowahi kuziona asome papo hapo. Hicho kipande nakichaguaje? Nikiangukia kuwa "mwanakijiji wa tatu", nifanye nini wiki zote hizo? Na baba anasema likizo ni ya kurudia hesabu. Hajakataa, lakini hajakubali pia.

kiti_cha_mbele:
Marahaba, na hongera. Mimi hukaa upande wa wanaosaili, kwa hiyo nikwambie tunachotazama.

Tafuta mhusika wa umri wako au karibu yake. Kijana wa miaka 16 anayeigiza mfalme mzee aliyefiwa hutuonyesha sauti ya kukwaruza na mgongo uliopinda, yeye mwenyewe hatumwoni. Pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote: chagua kipande ambacho mhusika anamtaka mtu fulani afanye jambo, amsamehe, amwachie njia, amwambie ukweli, lolote. Vipande vya kusimulia yaliyopita ni vitamu kusoma lakini jukwaani vinalala. Kabla ya kukariri jiulize: ninaongea na nani, na nikinyamaza sasa hivi nitakosa nini? Kama huna jibu, tafuta kingine.

Usichague cha kulia mwanzo hadi mwisho, wala cha kupiga kelele. Tukianzia juu hatuna pa kwenda. Soma igizo zima, si ukurasa ule tu, maana nitakuuliza nini kilitokea kabla ya hapo. Na ukisimama mbele yetu, mweke huyo unayeongea naye hewani, juu kidogo ya vichwa vyetu. Usinikazie macho mimi, nina kazi ya kuandika. Ukimaliza tulia kidogo, sema asante, basi. Usituombe radhi. Wengi huigiza vizuri halafu wanaharibu kwa kukunja uso wakirudi kukaa.

jiwe_kavu:
Mimi naona tusimdanganye mtoto. Nyingi ya hizi kambi ni biashara. Nafasi kubwa zinajulikana ni za nani kabla ya huo usaili. Asikilize baba yake.

mama_wawili:
jiwe_kavu, umesema kweli nusu. Zipo za biashara, ndiyo maana mtu anauliza kabla ya kulipa.

Mwanangu, mpe mzazi wako maswali haya aende nayo kwenye kikao cha wazazi. Mwongozaji ni nani na amewahi kufanya kazi na vijana? Wakufunzi wamechunguzwa kwanza au waliokotwa tu? Kijana anaweza kujikuta peke yake na mtu mzima mmoja ndani ya chumba kilichofungwa? (Jibu sahihi ni hapana, na wajibu bila kujiumauma.) Mahali pa kubadilishia maleba, yaani mavazi ya kuigizia, pametengwa? Kukiwa na kukumbatiana au kupigana jukwaani, nani anaipanga hiyo mienendo, na kijana akisema hataki inakuwaje? Ada inaingiza maleba, au yananunuliwa pembeni? Kuna punguzo kwa asiyeweza? Akiugua katikati, fedha inarudi? Na kila kijana ana uhakika wa kupanda jukwaani, au wengine watakuwa wa akiba tu?

Kambi nzuri haichukii maswali haya. Ikianza kukuona msumbufu, jibu umeshalipata.

Kuhusu baba, usibishane naye kwamba maigizo ni bora kuliko hesabu. Mpangie saa ya hesabu jioni, uiandike, umwonyeshe. Baba wengi hawapingi jukwaa, wanapinga likizo isiyo na mpango.

nyuma_ya_pazia:
Nimeanzia kambi kama hiyo, kwenye kundi la nyuma, kwa hiyo la mwanakijiji wa tatu niachieni.

Kwanza elewa wiki tatu zinavyokwenda. Siku za mwanzo ni michezo: kutembea ukumbini bila kugongana, kurusha neno kwa mwenzako kwa macho, kuiga mwendo wa mtu kama kivuli chake. Utaona ni utoto. Ni kazi yenyewe: mnajengewa mazoea ya kusikilizana, na asiyeshiriki kwa moyo hujulikana siku ya onyesho. Kisha kuna kusoma igizo mkiwa mmekaa, kisha kupangwa nani asimame wapi na aende wapi, kisha siku inafika mswada unapigwa marufuku mkononi.

Sasa mwanakijiji. Anaishi na nani? Ana deni kwa nani? Habari mbaya ikitangazwa sokoni, inamgusa au inamfurahisha? Hayo mwongozaji hatakupa, jitungie. Lakini usiyatumie kuvuta macho ya watu wakati mwenzako anasema maneno mazito. Ukikohoa kwa madaha pale nyuma, umemwibia. Kazi yako ni kumsikiliza kwelikweli, kila siku kama mara ya kwanza. Watazamaji hutazama anakotazama kundi. Mkimtazama nyote, mfalme anakuwa mfalme. Mmoja akitazama viatu vyake, tayari ni mtu tu aliyevaa taji.

Na jifunze mistari ya wenzako. Wiki ya mwisho daima kuna anayepoteza sauti.

jiwe_kavu:
Haya, maneno mazuri. Lakini nani aliyewahi kufika popote kwa kambi ya likizo?

kiti_cha_mbele:
Wapo. National Youth Theatre, kundi la maigizo la vijana la Uingereza, ilianzishwa na mwalimu, Michael Croft, mwaka 1956. Ilikuwa ni vijana na likizo yao ya kiangazi. Mwaka 1965 Helen Mirren, leo mwigizaji mashuhuri wa filamu, aliigiza malkia Cleopatra na kundi hilo kwenye ukumbi wa Old Vic, London, na hapo ndipo alipoanza kutazamwa. Daniel Craig, yule wa filamu za James Bond, naye alipitia huko. Hadi leo wanapokea vijana wa taa, maleba na usimamizi wa jukwaa, si waigizaji peke yao.

jiwe_kavu:
Hao wawili. Na maelfu waliobaki?

nyuma_ya_pazia:
Mimi ni mmoja wa waliobaki, nipo ofisini. Naongea mbele ya mkutano bila kutafuna maneno, ndicho nilichokipata, na sijadai kurudishiwa ada.

karatasi_nyeupe:
Asanteni sana, hata wewe jiwe_kavu. Maswali ya mama_wawili nimeyanakili, baba kayasoma mara mbili na kasema atakwenda kwenye kikao mwenyewe.

Nina mengine. Mikono inanitetemeka vibaya. Na nikikariri nyumbani najua yote, mbele ya dada yangu yanayeyuka.

kiti_cha_mbele:
Mikono: kipande ulichokikariri usije na karatasi, itapeperuka na kukutangaza. Kurasa za kusoma papo hapo ziegemeze kwenye kitu kigumu, daftari hata, usawa wa kifua ili uso tuuone. Kabla ya kuanza toa pumzi yote nje kwanza, kisha acha iingie yenyewe. Mtu mwenye hofu huvuta hewa juu ya hewa. Kwenye hizo kurasa ngeni, ukijikwaa neno endelea. Hatupimi usomaji. Tunatazama kama ukielekezwa "sasa mwambie kana kwamba unamficha jambo" unabadilika au unarudia vilevile.

Kukariri: unakariri kwa wimbo, ndiyo maana ukikatizwa unapotea. Kariri huku unafanya kitu, kunja nguo, panda ngazi, badilisha kasi. Mwambie dada asome maneno ya mtu wa pili, kwa sababu mstari wako unazaliwa na wa kwake. Na malizia sentensi zako. Wageni wote humeza maneno ya mwisho, na mara nyingi jambo lenyewe limekaa huko. Sauti isukume kutoka tumboni, usikaze koo.

mzee_wa_taa:
Mimi nakaa juu kwenye taa, nawaona kutoka huko. Njoo na penseli, si kalamu, kwa sababu ulipoambiwa usimame jana patabadilika leo. Viatu vya kufunga, bapa. Kulia na kushoto jukwaani ni kwa mwigizaji anayewatazama watu, si kwa aliyeketi kitini. Na ukiambiwa "panda juu", usitafute ngazi: ni kwenda nyuma, mbali na watazamaji. Majukwaa ya zamani yalikuwa na mteremko, nyuma juu, mbele chini, usemi ukabaki.

karatasi_nyeupe:
Shikamoo mzee. Ratiba imekuja leo. Wiki ya tatu kuna "siku ya ufundi", saa 3 asubuhi hadi saa 2 usiku. Wamekosea kuchapa?

mzee_wa_taa:
Marahaba mjukuu. Hawajakosea. Siku hiyo ni yetu, siyo yenu. Mtasema mstari mmoja, mtasimamishwa, taa itahamishwa, mtarudia mlango ule ule mpaka muuchukie. Hakuna atakayeigiza na hakuna atakayekusifu. Ukiambiwa simama, simama pale pale, usisogee hata hatua, ninaelekeza mwanga kwenye uso wako na ukisogea naanza upya. Njoo na maji, na kitabu cha kusoma pembeni, hata hicho cha hesabu baba atafurahi. Taa ikizimwa kabisa usitembee, subiri macho yazoee, kisha fuata alama za utepe unaong'aa sakafuni. Na tafuta taa yako. Ukihisi joto usoni, upo mahali sahihi.