Mti wa Krismasi wenye taa zake: niletewe wa Marekani au ninunue Kariakoo?

Mama Neema, Kimara

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Miaka yote nyumbani tunapamba tawi la mvinje. Siku za kwanza linapendeza, ila Krismasi yenyewe ikifika limeshakauka na nafagia asubuhi na jioni. Mwaka huu nataka mti wa kudumu, ule ambao taa zimefungwa kiwandani ndani ya matawi, nikichomeka unawaka. Habari ya kuzungusha nyaya za taa huku mtoto wa miaka 2 anazivuta upande wa pili siiwezi tena. Nataka uwe umesimama Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Nina njia mbili. Shemeji yangu yuko Ohio, na mwisho wa mwezi huu kuna kontena la kuchangia linakuja Dar. Ameona mti wa futi 7 na nusu, taa 600, jirani yake anauachia kwa bei ya bure. Kwenye picha umejaa haswa. Njia ya pili ni Kariakoo, nimeona wa futi 6 wenye taa za LED, muuzaji anataka laki mbili na themanini na hashuki.

Sebule yangu ni futi 12 kwa 14, dari iko futi 9, feni katikati. Umeme mtaani kwetu unakatika na kurudi mara kwa mara. Nichukue upi? Na kuufunga nimwite fundi?

Kaka wa Tabata

Dada, chukua wa Marekani. Vitu vya kule ni vizito, hutajuta. Plagi ya kubadilishia ni buku mbili tatu tu, unachomeka umemaliza.

Dada Mpambaji, Sinza

Mama Neema, nakuomba hilo la plagi usilifuate. Plagi ya kubadilishia inabadilisha umbo la pini tu, umeme unapita vilevile ulivyo. Marekani majumbani ni volti 120, kwetu 230. Kaka wa Tabata amesema kwa nia njema, lakini hapo ndipo miti mingi inapofia, tena jioni ya kwanza, watoto wameshakaa chini wanasubiri.

Kazi yangu ni kupamba maduka, kumbi na makanisa, na ninachomwambia kila mteja ni kwamba mti wa aina hii hauchaguliwi kwa majani. Majani ya plastiki yatakaa miaka na miaka. Kinachotangulia kufa ni taa, na zikifa humo ndani unabaki na mti mzima wenye mabaka ya giza. Kwa hiyo anza na umeme wake, urembo utafuata.

Mwambie shemeji aufuate waya kutoka kwenye shina hadi ukutani. Ukikuta unaingia moja kwa moja, na mwisho wake ni plagi ndogo ya pini mbili bapa yenye kifuniko cha kuteleza na fyuzi ndani, huo umetengenezwa kwa volti 120, uwe wa LED au wa balbu za zamani. Zile balbu ndogo za zamani kwa kawaida hupangwa 50 kwenye mfululizo mmoja, kila moja ikichukua kama volti 2.5, ndiyo maana 50 zinaitosha 120. Ukizipa 230, kila balbu inapata karibu mara mbili ya volti zake na joto linazidi sana. Zitang'aa kupita kiasi, kisha giza, na hakuna fundi wa kuzifufua.

Ukikuta kati ya mti na ukuta kuna adapta, asome maandishi madogo yaliyoko mgongoni. Kwenye mstari wa INPUT, yaani umeme unaoingia, akikuta 100-240V 50/60Hz, mti huo utawaka Ohio na utawaka Kimara. Akikuta 120V peke yake, basi utahitaji adapta nyingine yenye OUTPUT, yaani umeme unaotoka kwenda kwenye mti, ileile kabisa, na kuipata hapa ni kubahatisha.

Sasa ukubwa. Dari futi 9 inakudanganya kwa sababu feni inaning'inia, mapanga yake yako chini ya dari kama futi moja hivi. Mti wa futi 7 na nusu ukiongeza nyota unafika kwenye mapanga, kwa hiyo hauwezi kukaa popote karibu na katikati. Tena ule uliojaa wa urefu huo unaweza kuwa na upana wa futi 4 na nusu au hata zaidi kule chini. Ukishaweka makochi na meza ya televisheni, watu watapita kwa ubavu. Futi 6 kwenye kona ndiyo saizi yako, hata kama shemeji angekupa ule bure.

Ukienda Kariakoo nenda asubuhi kabla watu hawajajaa, umwambie muuzaji aufunge wote hapo hapo na auchomeke. Wengi watakuonyesha kipande cha juu tu kikiwaka, kataa. Uwake wote, ukae kama dakika 10, kisha shika adapta. Vuguvugu ni sawa, ikikuunguza mkono uache. Tikisa matawi kidogo huku unawaka. Taa zikipepesa, kuna muungano uliolegea. Halafu angalia vipande vinaungana vipi. Kuna miti ambayo umeme unapita ndani ya shina lenyewe, ukisimamisha kipande juu ya kingine taa zinawaka papo hapo. Hiyo ni mizuri kwa mtu asiyetaka kuhangaika. Mingine ina plagi ndogo za kuunganisha kila kipande, nayo si mibaya, mradi kila plagi ina alama yake.

Majani nayo tusiyapuuze. PVC ni plastiki nyembamba iliyokatwa nyuzi nyuzi na kusokotwa kwenye waya. PE imemiminwa kwenye kalibu, ncha zake ni nene na zina umbo la tawi la kweli. Mingi ya bei ya kati inachanganya, PE nje inakoonekana na PVC ndani kuziba mapengo. Mimi hilo nalikubali kabisa. Nisichokikubali ni kulipia mchanganyiko kwa bei ya PE tupu, kwa hiyo ingiza mkono mpaka kwenye shina ushike mwenyewe.

Fundi Umeme, Mbagala

Dada Mpambaji kamaliza, naongeza ya upande wangu.

Ule wa Ohio unaweza kuutumia kwa transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 kwenda 110. Balbu 600 za zamani zinakula kama wati 250, kwa hiyo usinunue transfoma chini ya wati 500. Ni nzito, inapata joto na inavuma. Ukiuwasha kwa muda wa saa tano kila usiku, unakula uniti moja na robo. Wa LED wa futi 6 wenye adapta ya wati 30 kwa saa hizo hizo haufiki hata robo uniti. Piga mwenyewe hesabu ya mwezi mzima.

Kuhusu umeme kukatika na kurudi: nunua kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme dakika chache ukirudi, chomeka adapta ya mti hapo. Na ekstensheni isipite chini ya zulia. Ikichubuka huko hutaiona, na watu wanaikanyaga.

Mama Neema, Kimara

Nawashukuru sana, mmeniokoa. Shemeji amefuata waya: unaingia ukutani moja kwa moja, pini mbili bapa, hakuna adapta. Nimemwambia auache, nafasi hiyo aniwekee viatu vya watoto. Jumamosi naenda Kariakoo.

Dada Mpambaji, nielekeze basi jinsi ya kuufunga, maana baba Neema yuko safari mpaka katikati ya Desemba. Na huyu wa miaka 2 nifanyeje?

Dada Mpambaji, Sinza

Fundi hahitajiki, unahitaji muda na glavu. Zile ncha zinachuna mikono, na ukianza kuchoka kwa sababu ya mikono ndipo unapoharakisha.

Anza na stendi mahali mti utakapokaa, usiufunge sehemu nyingine ukauburuta. Kaza skrubu za stendi kabla hujaweka chochote. Weka kipande cha chini, chomeka, hakikisha kinawaka, zima. Weka cha kati, chomeka, washa, zima. Cha juu vivyo hivyo. Ukisimamisha vyote ndipo ukajaribu, taa zikigoma hutajua tatizo liko wapi.

Kisha kuchanua matawi. Watu wengi hapa wanakosa subira, halafu wanaulaumu mti kwamba haujajaa. Mti umetoka kwenye boksi ukiwa umebanwa, matawi yamelala. Shusha tawi moja mpaka lisimame kwenye bawaba yake, halafu anzia ndani, karibu na shina, uje nje. Kile kijitawi cha ncha kiache kinyooke mbele. Vinavyofuata, kimoja peleka kulia, kimoja kushoto, kimoja juu kidogo, kama unavyovitanua vidole vya mkono. Kijitawi kilichojificha karibu na shina usikiache kwa sababu hakionekani. Hicho ndicho kinachoficha chuma na kinachofanya taa zionekane ziko ndani ya mti badala ya kuelea nje. Zungukia safu yote ya chini, ndipo upande safu ya pili. Ukisogea hatua mbili nyuma ukaona ukuta katikati ya matawi, rudi hapo hapo. Kwa futi 6, jipe saa nzima na zaidi, na watoto wawe wamelala.

Unapokunja vijitawi, angalia waya wa taa usivutike. Shika chuma cha tawi, usishike waya. Ukikuta waya umefungwa na kibanio cha plastiki, kibanio hicho kiache.

Kuhusu mtoto: mti uwe kona ambayo ina dirisha. Chukua uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, funga shina kwenye nondo za dirisha sehemu mbili, katikati na juu. Hauonekani na mti haudondoki hata akiuvuta. Kwenye miguu ya stendi laza mfuko wa mchanga, funika kwa kitenge kizuri. Adapta iwe nyuma ya kochi, juu, mbali na mikono yake. Matawi ya chini pamba kwa vitu vya kitambaa, vimaua vya kitenge, vikapu vidogo vya ukili. Mipira ya kung'aa na vyenye vioo viwe juu ya kimo chake. Mwache aguse vya chini. Mtoto akikatazwa mti mzima, ataurudia kila ukigeuka.

Mdau wa Nairobi

Salamu kutoka huku. Sisi Desemba saiprasi huuzwa kando ya barabara, na mimi bado ndio napenda. Lakini kama ni wa plastiki, kwa nini usinunue mti mtupu, taa ukanunua kando? Taa zikiharibika unatoa unaweka zingine, mti unabaki.

Dada Mpambaji, Sinza

Kaka yangu, una hoja, na madukani ndivyo ninavyofanya, kwa sababu mteja kila mwaka anataka rangi nyingine. Lakini mama aliye peke yake na watoto wadogo, kumwambia azungushe mita 40 za taa ni kumrudisha kwenye shida aliyoikimbia. Kwake wenye taa zake ni sahihi, akinunua wa adapta na akautunza. Na siku kipande kikifa, kuna njia: anaongeza mkanda mmoja wa taa za rangi hiyo hiyo mahali penye giza, mti unaendelea. Sio lazima autupe.

Mama Neema, Kimara

Nimeshanunua! Nimepata kwa laki mbili na arobaini, INPUT 100-240V, umeme unapita ndani ya shina. Umewaka wote, adapta vuguvugu tu. Swali la mwisho: Januari nikiutoa niuweke wapi? Darini kuna nafasi kubwa.

Dada Mpambaji, Sinza

Hongera sana mama, hiyo bei ni nzuri. Darini chini ya mabati hapana. Joto la Dar la Januari mpaka Machi linalegeza plastiki na kuharibu maganda ya nyaya. Weka chini ya kitanda au juu ya kabati, ndani ya chumba. Vikunje vipande kila kimoja peke yake kwenye shuka kuukuu, na pini za kwenye shina uzifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga, maana unyevu wetu unazitia kutu. Adapta iwe na mfuko wake ulioandikwa jina, ukiiacha kwenye droo ya chaja za simu utaikuta imekwenda na redio ya mtu.

Na leo hii, kabla hujaisukuma nyuma ya kochi, ipige picha ule mgongo wenye maandishi, uitunze kwenye simu. Ikifa mwakani, muuzaji atakuuliza volti na ampia za OUTPUT, na kama ni AC au DC.