Tupeane uzoefu: skeli ya digitali kwenye mashine ya milingi ikianza kudanganya

Fundi Shafti (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za kazi. Wiki iliyopita nimeharibu flanji (sahani ya chuma ya kuungia mabomba) ya mteja na bado inaniuma. Ilikuwa na matundu manane. Sita yamekaa vizuri, la saba likaangukia pembeni zaidi ya milimita moja, na muda wote skrini ya skeli, ile inayoonyesha meza imesogea kiasi gani, ilinionyesha namba niliyoitaka.

Nikafunga dayali geji (kipimo cha mshale cha kupima msogeo mdogo) mezani, nikaiweka sifuri na skrini nayo sifuri. Nikaipeleka meza milimita 200 upande wa X (kushoto na kulia), kisha nikairudisha taratibu mpaka geji ikasoma sifuri ileile. Skrini ikasoma 0.085. Safari ya pili 0.240. Ya tatu ikaenda hasi, -0.115. Y (mbele na nyuma) haina shida yoyote.

Nimeshapewa bei ya skeli mpya lakini sitaki kununua kwa kubahatisha. Mliopitia haya, mlianzia wapi?

Mama Karakana (Kariobangi, Nairobi)

Pole sana ndugu yangu. Usitoe pesa bado. Zima umeme, nenda nyuma ya kisanduku cha skrini, uchomoe plagi ya X na ya Y, uzibadilishane. Washa, urudie kipimo chako. Ugonjwa ukihamia kwenye dirisha la Y, mbaya ni skeli au waya wake. Ukibaki kwenye X, mbaya ni kisanduku.

Sisi tulinunua skeli kabla ya kufanya hivyo. Tukaifunga mpya, namba zikaendelea kuruka vilevile. Kumbe ndani ya kisanduku, kwenye soketi ya X, pini moja kati ya zile tisa ilikuwa imeachia risasi. Kazi ya dakika kumi na chuma cha kulehemu. Hiyo skeli mpya bado iko kwenye kabati na kila nikiiona roho inauma.

Angalia tu kama X na Y zina usomaji sawa, yaani hatua ndogo kabisa ambayo skeli inaweza kuonyesha. Moja ikiwa ya maikroni 5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na nyingine ya maikroni 1, ukibadilishana plagi namba zitakuchanganya.

Kijana wa Lezi

Hilo la mwisho lilinipata. Mtu aligusa mpangilio wa kisanduku, skeli ya maikroni 5 ikawa inahesabiwa kama ya maikroni 1. Meza inakwenda milimita 10, skrini inasema 2. Kosa likiwa la uwiano ule ule kila mara, tazama mpangilio kwanza, usifungue kitu.

Nahodha wa Vyuma (Mombasa)

Shafti, kilichonivutia kwako ni kwamba kosa linabadilika kila safari. Kama kishikio cha kichwa cha kusomea (kile kinachotembea kwenye skeli na kuisoma) kingelegea, ungeona upungufu uleule kila unapogeuza mwelekeo. Wewe unapoteza hesabu njiani. Mimi ningefungua skeli nitazame kioo.

Ndani mna ukanda wa kioo wenye mistari myembamba. Katika skeli nyingi za karakana zetu, hatua ya mistari hiyo ni maikroni 20, na kila hatua inagawanywa mara nne ndipo upate ile 0.005. Kichwa kinapitisha mwanga na kuhesabu. Utando wa mafuta ukikaa pale, kichwa kinaruka mistari na skrini haijui.

Yangu iliingia kulanti (maji ya kupoozea) kwa makosa mawili. Aliyefunga skeli aliziweka zile raba mbili za kuziba uwazi wake zikitazama juu badala ya chini, na vijana walikuwa wakipuliza vichuma kwa kompresa, kwa hiyo upepo ukawa unasukuma maji ndani. Nilitoa kifuniko cha mwisho, nikavuta kichwa polepole bila kukipindisha, nikafuta kioo kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usiguse kioo kwa kidole. Ukirudisha, pima kwa dayali geji kama skeli iko sambamba na mwendo wa meza. Mimi sikubali ipite milimita 0.1 toka mwanzo hadi mwisho.

Umeme wa Gerezani

Niongeze moja. Kama namba zinatembea meza ikiwa imefungwa kabisa, msiikimbilie skeli. Kwetu zilikuwa zinaruka kila jirani anapochomelea. Tulivuta waya wa ethi kutoka kwenye fremu ya mashine na kisanduku, tukauhamisha waya wa skeli mbali na wa mota. Zikatulia.

Fundi Shafti (Dar es Salaam)

Nimerudi wakuu. Nilibadilishana plagi kama alivyosema Mama Karakana, ugonjwa ukahamia Y. Nikafungua skeli. Katikati, pale jiliwa linapokaa na kazi nyingi inapofanyika, kioo kilikuwa na utando wa kahawia urefu wa kiganja. Kwingine kote kisafi. Ndiyo maana matundu ya pembeni yalikaa, nilipovuka katikati yakaharibika.

Nimesafisha, nimepima safari tano za milimita 200. Nne zimerudi 0.000, moja 0.005. Flanji ya pili nimeikabidhi jana.

Sasa nataka kukunja bati la kuifunika skeli kwa juu, meza yangu ni ya inchi 10 kwa 54. Aliyewahi kutengeneza anieleze aliacha nafasi kiasi gani kwa waya wa kichwa.