Naomba ushauri: naomba, natulia, kisha hofu inarudi

Bwana asifiwe wapendwa. Niko Malindi, mume wangu ni mvuvi. Msimu huu wa kusi bahari imechafuka, na kila akitoka usiku mimi silali, nahesabu saa mpaka nisikie mlango. Wafilipi 4:6 nimeikariri, "Msijisumbue kwa neno lo lote". Naomba, natulia kidogo, kisha upepo ukivuma kwenye makuti moyo unaruka tena.

Mama mkwe anasema imani yangu haba. Labda. Lakini hata wanafunzi wa Yesu, na baadhi walikuwa wavuvi, walimwamsha kwa hofu katika dhoruba ya Marko 4.

Mliopitia haya, mliwezaje kumkabidhi Mungu mtu wenu na bado mkapata usingizi? Na je, nimwambie mume, au nitamtia woga bure?